Baba alikuwa mpishi wa hoteli, na sasa daftari lake limetugombanisha

Kwako Somo,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana mamangu huwa karibu, na sitaki ajue nimeyatoa nje mambo ya nyumbani.

Baba alitutoka mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Mwaka wake unatimia wiki saba zijazo. Alikuwa mpishi. Si mpishi wa harusi wala wa kwenye televisheni. Alikuwa mpishi wa hoteli, mtu wa kuajiriwa, tangu 1989 alipoanza kuosha sahani katika hoteli moja ya Mwembe Tayari. Kutoka kwenye sinki akapandishwa kumenya vitunguu, kutoka vitunguu akapewa chapati, kisha karai la bhajia, ndipo siku moja mwenye sufuria ya pilau alipougua, akakabidhiwa yeye. Baadaye akahamia hoteli za watalii, Bamburi na Shanzu, akajifunza kupika vyakula ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvila. Mwaka 1997, baada ya fujo za Likoni, watalii walikatika akarudishwa nyumbani. Akaitwa tena. Mwaka 2020 ikaja korona, wakafungiwa mlango, na safari hiyo hakuitwa. Alimalizia katika kihoteli kimoja cha Majengo: mahamri na mbaazi asubuhi, pilau mchana.

Nimeyasema hayo ili ujue kwamba hatukumuona sana. Alitoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi saa tano usiku, shati linanuka thomu na moshi. Mama alikuwa akimwekea sahani mezani, kaifunikia kawa: muhogo wa nazi, au sima na mchicha. Alikula peke yake, sisi tumelala. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko, na siku hiyo alikuwa wetu. Alijifunga leso ya Mama kiunoni, akatupikia pilau. Alitufukuza jikoni, kisha akatuita tena mmoja mmoja tuonje chumvi. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka 12, alikuwa akisimama juu ya mbuzi ya kukunia nazi ili aifikie sufuria.

Sasa matatizo. Kakangu mkubwa yuko Doha, naye ni mpishi, kazi alifunzwa na Baba. Anataka hitima kubwa, yaani kisomo cha kumwombea Baba na chakula chake: hema, mpishi wa kukodi, biriani ya watu 300. Anasema, "Baba alilisha mji mzima, mji mzima uje ule." Ami, ndugu yake Baba, anasema hitima ya mwaka ni bidaa, uzushi katika dini, na hatakanyaga. Mama hasemi kitu.

La pili ni daftari. Nililikuta kabatini chini ya suruali zake za kazi. Ni daftari la shule, gamba la kijani, kona zimelowa mafuta mpaka karatasi inapenya mwanga. Ndani mna madeni. Majina hakuyaandika, aliandika lakabu tu: "kijana wa gesi 1,200 fomu ya shule", "mama chapati 3,000 hospitali", "mlinzi 450 nauli". Mengine ameyakata mstari, nadhani yamelipwa. Mengine ameandika pembeni neno moja: "basi". Ukiacha yaliyokatwa, ni watu 23 na jumla ni shilingi 48,650. Kakangu anasema tuwafuate wote walipe, pesa ziingie kwenye hitima.

Nikuambie ukweli, Somo. Mwaka 2014 nilikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa shilingi 12,000 za ada ya chuo. Baba aliniambia mshahara umechelewa. Ukurasa wa 2014 katika daftari hilo umejaa hadi chini. Tangu niuone, kuna siku namlilia, na kuna siku nataka kulitia daftari jikoni liungue.

La mwisho utaliona dogo. Nimejaribu kuipika pilau yake Jumatatu tatu. Mara ya tatu Mama alionja tonge moja, akasukuma sahani, akasema, "Si yake hii," akaingia chumbani. Sijapika pilau tena. Na kule Majengo wamemwajiri mwingine, na nimemsikia mteja kwa masikio yangu akisema haoni tofauti.

Nifanyeje?

Binti wa Mpishi, Kisauni


Binti wa Mpishi,

Wa alaykumu salaam. Mola amrehemu mzee na ampe kauli thabiti. Nyinyi nawapa pole hata kama mwaka unakatika.

Nitaanza na daftari, kwa kuwa mna haki za watu ndani yake. Usilichome. Deni ambalo marehemu anawadai watu ni mali yake kama lilivyo shamba au baiskeli, na sasa ni la warithi wote. Kwanza hulipwa aliyokuwa akidaiwa yeye, kwa hiyo ulizeni dukani, msikitini, kwenye chama alichokuwa akichanga, kama aliacha deni. Kisha ndipo warithi: mamako ana thumuni, yaani fungu moja kwa manane, na ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, kinachobaki ni chenu watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwa hesabu hiyo kakako hana ruhusa ya kuzichukua shilingi 48,650 akanunulia mchele wa hitima, na wewe huna ruhusa ya kuwasamehe watu wote 23 kwa mkupuo kwa kuwa roho imekulainika. Kila mmoja anaweza kusamehe fungu lake. Fungu la huyo wa miaka 12 halisamehewi na mtu, wala halilishwi wageni.

Ila kuna hilo neno "basi". Nimekaa nalo tangu nilipoisoma barua yako. Mpishi husema basi chumvi ikitosha, basi moto ukitakiwa kutolewa. Mtu kama huyo akiliandika pembeni ya deni la mama chapati aliyekuwa hospitali, mimi nasikia mtu aliyeachilia. Lakini masikio yangu si hukumu. Mpelekeeni Kadhi daftari lenyewe, si picha ya simu, aone mwandiko na namna yaliyokatwa mstari yalivyotofautiana na yaliyoandikwa neno. Akisema ni msamaha wa baba yenu mwenyewe akiwa hai na akili zake, hayo yametoka, hayamo tena kwenye mirathi. Kwa yatakayobaki, mnaijua aya ya 280 ya Al-Baqara: mdeni akiwa katika dhiki, apewe muda mpaka awe na wasaa, na kumwachia kama sadaka ni bora zaidi.

Jambo moja nakataza kabisa: msiende kugonga milango. Hamjui kijana wa gesi anaishi vipi leo. Mwiteni faraghani, mwambieni mmekuta lakabu yake kwa mwandiko wa marehemu, kisha nyamazeni. Atasema mwenyewe. Yuko atakayesema alilipa, na huenda ni kweli, maana jikoni pesa hupokewa na mkono ulio na unga na daftari liko nyumbani.

Mkishafika huko kwa Kadhi, malizeni na mengine kwa safari hiyo hiyo: akiba yake ya uzeeni ya NSSF kama haijadaiwa, na kama alikuwa mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, enzi za hoteli za ufuoni, waulizeni ofisini kwao Mombasa kama kuna chochote kilichobaki. Hoteli zilizofunga 2020 ziliacha watu wengi na stahiki zao mkononi mwa waajiri. Hati za kazi zitakuwa kabati hilo hilo, chini ya suruali hizo hizo.

Sasa mwaka 2014. Barua yako yote umeiandika kwa upole, ila hapo wino umebadilika, nami sitakuambia usamehe haraka. Nitakueleza ninavyoijua kazi hiyo, maana marehemu mume wangu alikuwa keshia wa hoteli miaka kumi na mitatu. Mshahara wa jikoni ni mdogo na huchelewa, na mwajiri hatoi arubuni kwa muosha sahani. Anayetoa ni mpishi mkubwa. Muosha sahani asipokuja kwa kukosa nauli, sahani zinaisha saa saba mchana wateja wamejaa, na lawama ni ya mpishi. Kijana wa gesi asipokuja, moto hakuna. Kwa hiyo katika ukurasa ule mna ukarimu, sikatai, lakini mna pia mtu anayeshikilia jiko lisimwangukie, na jiko hilo ndilo lililokuwa likiwalisha. Huenda alipiga hesabu kwamba ada ya mwanawe itangoja muhula mmoja na jiko halitangoja. Huenda alikosea hesabu. Alichokosea bila huenda ni kukwambia mshahara umechelewa ilhali alijua ulikokwenda. Ulikuwa mtu mzima wa chuo, ulistahili kuambiwa. Unaweza kumuombea rehema kila sala na bado ukasema hili alinikosea. Muulize mamako kuhusu mwaka huo, siku mko wawili mnachambua mchicha, si kwa kumkalisha kitako kama mahakamani. Mke anayemfunikia mtu kawa usiku hadi usiku huwa anajua pesa zimekwenda wapi.

Kuhusu kakako. Hukusema kama alimuwahi babake, nami nadhani hakumuwahi. Sisi twazika siku hiyo hiyo au kesho yake, na mtu wa Doha mpaka apate ruhusa kwa tajiri wake na tiketi, kaburi limeshakauka. Hakushika jeneza, hakutia udongo. Sasa anataka hema na watu 300. Ukimwambia ni israfu mtagombana, na utakuwa umemjibu jambo ambalo hakuliuliza. Mpigie simu, usimtumie sauti ya WhatsApp, na umuulize alikuwa wapi alipopata habari. Mwache aseme. Mimi nisingeshangaa kama alikuwa mbele ya jiko, zamu inaendelea, akamalizia sahani za watu ndipo akakaa chini. Baada ya hapo ndipo mzungumze pesa. Akitaka kutoa yake mwenyewe, ni yake. Akija, msimkodie mpishi. Mpeni sufuria yeye. Watu 40, ndugu na majirani wa ukuta kwa ukuta, kisomo baada ya asri, chakula, dua, kila mtu kwake. Kama hawezi kuja, atume pesa iliyo sawa na kikao hicho, na inayobaki ilipe madeni ya marehemu kama yapo. Hayo yanamfaa mzee kuliko hema.

Ami mwacheni na msimamo wake. Masheikh wa pwani hii wamebishana kuhusu hitima tangu sijaolewa na sisi hatutawapatanisha kwenye safu hii. Ila kumuombea ndugu yake dua hakuna anayesema ni bidaa. Mwalikeni aje awapeleke wavulana makaburini asubuhi. Atakuja.

Nimebakisha pilau, na si jambo dogo hata kidogo.

Kwanza nikuulize: unapikia gesi? Nina hakika baba yako nyumbani alipikia makaa, na mchele ulipokausha maji alipalia, makaa chini kidogo na makaa juu ya mfuniko, akaenda kukaa. Gesi haipalii. Inapika kutoka chini tu, na chini ndiko unakoungulia. La pili ni vitunguu. Rangi ya pilau ni kitunguu, si bizari. Sisi wanawake wa nyumbani tunaona kitunguu kimekuwa cha dhahabu tunaogopa, tunatia thomu na nyama mbio mbio. Mtu aliyekaanga vitunguu vya hoteli miaka thelathini haogopi. Hungoja mpaka kimekuwa rangi ya tende, pale ambapo ukipepesa macho mara mbili kimeungua. Ndipo hukikata kwa maji kidogo, na bizari nyembamba, iliki, karafuu na mdalasini vikafuata. Ukitaka kuijua hasa, usitafute kitabu. Mtafute aliyekuwa akimmenyea vitunguu Majengo, au Bamburi. Yuko mtu amesimama kando yake miaka, na anajua alikuwa akitia gao ngapi. Huenda lakabu yake imo kwenye daftari.

Yule mteja aliyesema haoni tofauti, mwache. Mteja wa saa saba mchana ana njaa na nusu saa ya mapumziko. Baba yako alilijua hilo kuliko wewe na bado alikaanga kitunguu mpaka mwisho.

Lakini hata ukiipata pilau ikatimia, sioni kama mamako atakula. Soma tena barua yako. Jumatatu baba yenu aliwapikia nyinyi. Siku sita nyingine, saa tano usiku, nani alimpikia nani? Mtu aliyeshinda na mafuta na masala tangu alfajiri hawezi kutia tonge la pilau mdomoni usiku, harufu tu inamkinai. Mume wangu hakuwa hata akipika, alikaa kwenye droo la pesa, na bado akirudi alitaka chai kavu na mkate. Baba yako alitaka muhogo wa nazi. Wewe umeutaja kwa mstari mmoja ukapita, kwa kuwa ulikuwa umelala. Mamako hakuwa amelala. Chakula chake cha kumkumbuka mumewe ni kile alichokipika yeye, na tangu afe sidhani kuna aliyemwomba akipike. Mnamletea pilau aonje, kama vile yeye alikuwa mgeni wa Jumatatu.

Kwa hiyo, kabla ya kisomo, kabla ya kakako kufika, nenda Kongowea asubuhi uchague muhogo mwororo, usio na nyuzi, na nazi mbili zilizokomaa. Vipeleke jikoni, umwambie, "Mama, tupikie wa Baba." Usimsaidie. Kuna nazi, huyo wa miaka 12 na akune, mbuzi anaijua. Siku hiyo nyinyi nyote laleni mchana. Mama akishapakua, afunike kawa mezani kama alivyozoea, nanyi mkae mpaka saa tano ndipo mle. Asipozungumza usimchokoze. Akizungumza, zima simu.

Na kijana wa gesi mkishampata, msimuanze na zile 1,200. Muulizeni ile fomu ya shule ilikuwa ya nani, na huyo mtoto sasa yuko darasa la ngapi.

Somo